Ishara Juu ya Ngozi

Sura ya 13 ya kitabu cha Walawi haihubiriwi mara nyingi. Ni ndefu, imejaa vipele, mabaka, nywele zilizogeuka rangi na nyama mbichi, na wahubiri wengi huiruka wakiwahi sura ya 16 yenye Siku ya Upatanisho. Sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa hapa Lamadi tulilazimika kuisoma yote, polepole, jioni mbili mfululizo, kwa sababu ilikuwa imetajwa kanisani dhidi ya mwenzetu.

Mwenzetu huyo ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mjane, anayeuza dagaa karibu na njia panda, pale barabara ya kutoka Bariadi inapoikuta ile ya Mwanza na Musoma. Alianza kusikia maumivu ya kuchoma ubavuni upande wa kushoto, akadhani amebeba gunia vibaya. Baada ya siku tatu yakatokea malengelenge, yamejipanga kutoka mgongoni, yakazunguka ubavu hadi chini ya titi, yakakoma katikati ya kifua kana kwamba kuna mtu aliyechora mpaka. Watu huita ugonjwa huo mkanda wa jeshi, na aliyeuona mara moja haulizi jina hilo limetoka wapi.

Habari zilifika sokoni kabla mgonjwa hajafika zahanati. Wapo waliosema amerogwa na wenzake wa biashara. Wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba ana ule ugonjwa. Na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema anayelipenda Neno, akauliza kikaoni kama si vyema mama huyo apumzike kwaya na asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakapokuwa safi. Hapo ndipo alipotaja Walawi 13.

Hatuandiki haya kumcheka mzee wetu. Alichouliza ni kitu cha kweli: ngozi ya mtu inasema nini, na nani ana haki ya kuisoma?

Tuliposoma sura yenyewe, kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kwamba kuhani hana haraka. Anatazama. Asipokuwa na hakika anamtenga mtu siku saba, kisha anamtazama tena. Bado hana hakika, anaongeza siku saba nyingine. Anaangalia kama doa limeenea, kama limeingia ndani kuliko ngozi, kama nywele zimekuwa nyeupe. Hakuna mahali anapoambiwa aulize majirani wanasemaje. Na mara nyingi kuliko tulivyotarajia, mwisho wa uchunguzi wake ni kumtangaza mtu kuwa safi.

Mengine tuliyapata kwa mmoja wetu ambaye ni muuguzi mstaafu, na kwa kijana wetu anayesomea udaktari Mwanza, aliyekuwa nyumbani likizo na akavumilia maswali yetu kuliko tulivyostahili.

Muuguzi alianza na tetekuwanga. Karibu sote tuliugua tukiwa watoto, tukapakwa dawa ya rangi ya waridi, tukapona. Lakini kirusi cha tetekuwanga hakikuondoka. Kilipanda kwa kufuata mishipa ya fahamu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo pembeni mwa uti wa mgongo, kikalala humo. Kinaweza kulala miaka 40, miaka 60, au mpaka mtu anazikwa nacho. Kikiamka, hushuka kwa mshipa uleule hadi kwenye ngozi. Na kwa kuwa kila fundo linahudumia utepe mmoja wa ngozi, upande mmoja tu wa mwili, malengelenge hutokea kwenye utepe huo na kukoma katikati. Mpaka ule uliowashangaza watu wa sokoni ni ramani ya neva, na kila mmoja wetu amezaliwa nayo. Mchawi hana kazi hapo.

Basi, kirusi kimefika kwenye ngozi na kimeingia ndani ya seli. Huko ndani hakionekani. Kwa nje seli hiyo ni seli ya ngozi kama jirani zake. Walinzi wa mwili wataijuaje?

Kijana wetu alitueleza hivi, nasi tunaeleza kwa mfano wetu. Mama lishe wa stendi haanzi kutangaza chakula chake. Anaacha sufuria wazi, na kila anayepita anaona kinachopikwa. Seli za mwili nazo zina desturi hiyo. Kila seli huchukua vipande vidogo vya protini inazotengeneza ndani, ikavipeleka nje na kuvishika juu ya uso wake kwa kishikizo maalumu. Seli T, ambazo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, hupita zikigusa vishikizo hivyo kimoja baada ya kingine. Zikikuta vipande vya kawaida vya mwili, hupita. Zikikuta kipande cha kirusi, husimama.

Wanasayansi wawili, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waligundua jambo hili kwa kutumia panya huko Canberra, Australia, katika miaka ya 1973 na 1974, na mwaka 1996 walipewa Tuzo ya Nobel. Walichokionyesha ni kwamba seli T haikitambui kirusi peke yake. Inatambua kipande cha kirusi kikiwa kimeshikwa na kishikizo cha mwili wenyewe. Lazima viwili hivyo vionekane pamoja, cha adui na cha nyumbani. Mzee mmoja wa kikundi chetu aliposikia hivyo alisema taratibu, "Mashahidi wawili," akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Hatudai kwamba Musa alikuwa akifundisha habari za seli. Lakini ilitupendeza kwamba ndani ya miili yetu hakuna anayeuawa kwa ushahidi wa upande mmoja.

Tena walinzi hao hawaajiriwi kiholela. Hufundishwa katika tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo seli changa hupimwa: je, unaweza kusoma vishikizo vya nyumbani? Je, ukikutana na vipande vya nyumbani unavishambulia? Isiyoweza kusoma hufa. Inayowashambulia ndugu hufa. Katika kila seli 100 zinazoanza mafunzo, hazifiki 5 zinazotoka. Sisi tuliozoea kumpa kazi ya ulinzi kijana yeyote mwenye rungu tulinyamaza kidogo hapo.

Tulinyamaza pia kwa sababu nyingine, na tunaomba msomaji atuvumilie kwa hili, maana ni aibu ya kwetu. Katika mikoa hii ya Usukuma, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa panga wakidaiwa kuwa wachawi, na ishara iliyotumiwa kuwatambua ni macho mekundu. Kila mtu aliyekulia huku anajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye miaka 50 ya kupuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Bibi anayewapikia wajukuu ana macho mekundu. Waliomuua walisoma ishara juu ya mwili wake wakaisoma kwa hofu, hawakumtazama mara ya pili, hawakungoja siku saba. Tulipoyaweka hayo kando ya maneno ya sokoni kuhusu mwimbaji wetu, tuliona ni ugonjwa uleule katika hatua yake ya kwanza.

Turudi kwenye ngozi, maana kirusi nacho si mjinga. Virusi vya jamii hii, pamoja na vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni na yale ya sehemu za siri, vina hila. Vikishaingia kwenye seli, huzuia vipande visifike nje. Mama lishe amefungiwa jikoni na sufuria imefunikwa. Seli T inapita, haioni kitu, inaendelea na safari yake. Ingekuwa ndio ulinzi pekee, tungekufa kwa tetekuwanga utotoni. Lakini wapo walinzi wa aina nyingine, seli asilia za kuua, ambazo zenyewe hutazama kama kuna kitu kinachokosekana. Zikikuta seli isiyoonyesha vishikizo inavyopaswa, huishuku kwa sababu hiyohiyo ya kujificha. Mtafiti wa Sweden, Klas Kärre, ndiye aliyelieleza wazo hilo katika miaka ya 1980. Kirusi kikijionyesha, seli T zinakiona. Kikijificha, seli asilia zinaliona pengo.

Kuua kwenyewe hufanyika kwa namna ambayo hatukuitarajia. Mlinzi hujibana kwenye seli iliyoambukizwa, akaitoboa matundu madogo na kuingizia vimeng'enya vinavyoiamuru ijivunje yenyewe kutoka ndani. Haipasuki ovyo. Inajikunja, inagawanyika vipande, na vipande husafishwa. Kabla ya hapo seli iliyoambukizwa huwa imeshapiga yowe, kwa kutoa protini iitwayo intaferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Seli jirani zikiisikia hufunga milango, hupunguza kazi zao ili kirusi kikifika kikose pa kuzalia. Kijiji chochote cha Usukuma kinaelewa yowe. Anayelisikia haulizi limetoka boma la nani.

Malengelenge tunayoyaona, kwa hiyo, ni uwanja wa mapambano. Maji yake yana virusi, yana seli zilizokufa, yana walinzi. Mtu akimwangalia mgonjwa na kusema mwili wake umeshindwa, asome vizuri: anaona mwili ukipigana.

Kuna jambo moja ambalo kijana wetu alilitaja kama nyongeza tu, na kwetu likawa ndilo tulilolala nalo. Seli ya ngozi inaweza kufa, nyingine ikachukua nafasi yake. Ngozi hujijenga upya kila baada ya wiki chache. Lakini seli ya neva ikifa haina mbadala. Sasa kirusi kimelala ndani ya seli ya neva. Walinzi wakiiua wamemaliza kirusi, na wameharibu neva. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa panya wenye kirusi cha malengelenge ya mdomoni, ulionyesha kwamba walinzi hukaa kando ya seli hiyo ya neva na kutumia kimeng'enya chao kukata protini ambayo kirusi kinaihitaji ili kiamke, na seli ya neva inabaki hai. Silaha ni ileile. Kwenye ngozi walinzi wanaua kwayo. Kwenye neva wanaishika kwa upole, wakikesha.

Kwa nini basi kirusi cha mwenzetu kiliamka? Kwa sababu walinzi walipungua nguvu. Hutokea kwa uzee, hasa mtu akipita miaka 50. Hutokea kwa ugonjwa mzito au kwa dawa za saratani. Na hutokea kwa VVU, kwa kuwa VVU hushambulia seli zinazowaongoza walinzi wengine. Ndiyo maana mhudumu wa afya akiona mkanda wa jeshi, hasa kwa kijana, hushauri kupima. Anafanya sawa. Kushauri kupima ni kazi ya kuhani wa Walawi: tazama, ngoja, tazama tena. Kutangaza jibu sokoni kabla ya kipimo ni kazi nyingine kabisa.

Mwimbaji wetu alikwenda. Tulimsindikiza wawili, tukakaa kwenye benchi la nje. Alipewa asikloviri, dawa ambayo inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee, kwa hiyo tunawasihi wasomaji wasianze na majivu na mafuta ya breki. Hata dawa hiyo ina utambuzi wake. Huingia mwilini ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe, hivyo inafanya kazi hasa ndani ya seli iliyoambukizwa. Gertrude Elion, mmoja wa walioiandaa, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Alipimwa pia VVU. Majibu ni yake, ya tabibu wake na ya Mungu wake. Hatukuuliza, na ndugu msomaji hutayakuta hapa. Itoshe kusema kwamba dawa za VVU zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na anayezihitaji asizikose kwa kuogopa macho ya kanisa.

Kuhusu swali la kikao, muuguzi wetu alisema jambo la wazi. Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na hiyo ni hatari kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga. Basi mgonjwa afunike vidonda, asiwakaribie hao mpaka magamba yakauke. Baada ya hapo hakuna sababu ya kumtenga. Kwa hiyo hata kutenga kulikuwa na mahali pake, kwa muda wake na kwa ajili ya walio dhaifu. Jumapili ya kwanza mchungaji alimpelekea Meza ya Bwana nyumbani. Mzee aliyeuliza swali alikwenda naye, akabeba kikapu, akamwambia, "Pole sana, mayu," akakaa kwenye kigoda mpaka jioni. Mimba za kwaya zilipokwisha kupata uhakika, mama alirudi kuimba. Bado usiku ubavu unamwaka, maana neva iliyojeruhiwa huchelewa kusahau.

Lakini lilizuka jambo la mwisho, na hili hatujalimaliza. Siku ya kutoa shukrani mama alitaka kushuhudia kwamba amepona. Kijana wetu, kwa unyofu wa wanafunzi, akatuambia faraghani kwamba kirusi bado kimo. Je, ashuhudie? Tulijadiliana sana. Tuliona kwamba ashuhudie, na alishuhudia. Amepona kama mji unavyokuwa na amani wakati walinzi wako macho, na tulimshukuru Mungu kwa amani ya namna hiyo bila kuidharau.

Kijana hakuishia hapo. Alitusomea kazi za watafiti wa Seattle, Marekani, Jia Zhu na Lawrence Corey, waliochunguza ngozi ya watu wenye kirusi ndugu yake, kile cha malengelenge ya sehemu za siri. Walikuta, katika kazi ya mwaka 2007 na nyingine ya mwaka 2013, kwamba kidonda kikishapona walinzi hawarudi wote makao makuu. Wengine hubaki palepale chini ya ngozi ya juu, karibu na ncha za neva, wakingoja kirusi kitokee tena. Tulifurahi sana. Tulianza hata kutafuta mstari wa kuhubiri kuhusu walinzi juu ya kuta.

Kisha akatusomea habari ya kwetu. Kaskazini magharibi mwa Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Mwanza na wenzao wa London waliwaomba wanawake 821, wengi wao wahudumu wa baa, hoteli na nyumba za wageni, washiriki katika jaribio. Wote walikuwa na kirusi hicho na hawakuwa na VVU. Nusu hivi walipewa asikloviri mara mbili kwa siku, waliobaki vidonge visivyo na dawa. Ilijulikana kwamba mwenye malengelenge hayo huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi, na tumaini lilikuwa kwamba dawa ingewakinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliotumia dawa, 27 walipata VVU. Wasiotumia, 28. Dawa haikuwakinga.

Mwaka uliofuata watu wa Seattle walitoa maelezo yanayoelekea kuwa ndiyo sababu. Walinzi wanaobaki kwenye ngozi iliyopona, miezi kadhaa baadaye na hata mgonjwa akiwa anameza dawa, wengi wao ni wa aina ileile ambayo VVU huitafuta aingie. Mlinzi aliyebaki langoni kwa uaminifu ndiye anayegeuka kuwa lango.

Hatukupata la kuhubiri hapo. Mmoja wetu alisema uumbaji wote unaugua, akataja Warumi 8. Mwingine alisema bado haoni kwa nini uaminifu uwe mlango wa mauti. Muuguzi alisema yeye amezika wengi na hana jibu, ila anajua kwamba bila wale wanawake 821 tusingejua hata swali lenyewe. Walimeza vidonge kila siku, wakatoa damu, na wengi wao hawakupata faida yoyote mwilini mwao. Wengine huenda wanapita hapa Lamadi, wanashuka kwenye basi, wananunua dagaa njia panda. Makanisani kwetu huwa tunawaombea madaktari na watafiti. Wahudumu wa baa tunawaombea watubu.

Jumapili iliyofuata, zamu ya maombi ya wagonjwa ilikuwa ya kikundi chetu. Tuliwataja watafiti, kisha tukawataja na wanawake wale kwa idadi yao, kwa kuwa majina yao hatuyajui, tukamshukuru Mungu kwa ajili yao.